Kujitolea madrasani: mwongozo kamili kwa wazazi wa Lamu

Chukua madrasa ya kawaida ya alasiri hapa mjini. Watoto 40, mwalimu mmoja, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Dakika 120 ukizigawa kwa watoto 40, kila mmoja anapata dakika tatu. Hapo bado hujatoa muda wa kuita majina, kugawa misahafu, kumtafutia mmoja kiatu chake, kumpeleka mwingine chooni na kuamua ugomvi wa nani amekalia mkeka wa nani. Ukitoa hayo yote, mtoto anabaki na dakika moja na kitu ya kusomeshwa uso kwa uso. Kwa dakika moja huwezi kumrekebisha mtoto matamshi ya herufi moja, sembuse sura nzima.

Wazazi wengi tukitaka kuisaidia madrasa tunafikiria mchango wa rangi, mazulia au spika. Hivyo vyote vina pahali pake, lakini nionavyo mimi kitu kinachokosekana zaidi vyuoni mwetu, yaani madrasani, ni muda wa mtoto kusikilizwa. Kila ninachoeleza hapa kimejengwa juu ya hilo: mzazi amwondolee mwalimu kazi ambazo si lazima azifanye yeye, ili dakika zake ziende kwa watoto.

Kwanza, muulize mwalimu

Usiende wakati anasomesha, wala usimwandikie ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ambako kila mtu ataongeza lake. Mwendee baada ya darasa kufungwa, au baada ya isha akiwa amekaa barazani. Mama anayeona uzito kwenda peke yake afuatane na mama mwenziwe, au apitie kwa ustadha wa wasichana kama yupo. Mazungumzo yenyewe hayahitaji urefu:

"Asalaam alaykum, maalim."

"Waalaykum salaam warahmatullah. Karibu, mama Fatma."

"Maalim, Jumamosi asubuhi nina nafasi, saa mbili hadi saa nne. Nataka kusaidia, lakini wewe ndiye ujuaye mzigo uko wapi."

"Wallahi, ni hawa wadogo wa alifu. Nikikaa nao, wakubwa wanacheza. Nikienda kwa wakubwa, wadogo wanalia."

"Basi nipangie, maalim. Nikae na wepi, na nifanye nini?"

Mama huyu ametaja siku na saa yake, kisha akauliza mzigo uko wapi. Hakuja na mpango wake mfukoni. Mwalimu wa chuo ana utaratibu aliourithi kwa walimu wake, na mzazi akianza kwa kumwambia wapange madarasa upya, hata kama ana haki, atajibiwa kwa upole na hataitwa tena.

Kabla hamjaagana, kubalianeni siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, kazi gani, na umwarifu nani siku usipoweza kuja. Weka pia mwisho wa ahadi: muhula mmoja, kisha mzungumze tena. Saa moja ya kila Jumamosi inayotimizwa ina faida kuliko ahadi ya kuja kila siku inayokufa wiki ya tatu, kwa sababu mwalimu hupanga darasa lake kwa kukutegemea wewe. Na omba usipangwe na mtoto wako. Akisoma kwako atadeka au ataogopa, na wenziwe watahesabu kila tabasamu unalompa.

Pili, usalama wa watoto

Hapa wazazi huona haya. Sisi mji mdogo, tunajuana ukoo kwa ukoo, na kumuomba mtu karatasi za kumtambulisha huonekana kama kumtuhumu. Naomba haya hiyo tuiweke kando. Mtoto anayedhuriwa, mara nyingi anadhuriwa na mtu anayejulikana nyumbani kwao, na utaratibu unaomhusu kila mtu haumtuhumu yeyote.

Kila mtu mzima anayekaa na watoto mara kwa mara, mzazi au mwalimu msaidizi, awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kinaombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji anapigwa alama za vidole. Nakala ibaki kwenye faili ya madrasa.

Mtu mzima asikae na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa. Nyumba zetu za mawe zina vyumba virefu vya ndani visivyo na madirisha ya nje, na baadhi ya vyuo viko ndani ya nyumba za aina hiyo. Kaa na watoto sebuleni, kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) au dakani (kwenye ukumbi wa mlango wa nje), mahali ambapo wapitao wanakuona. Mtoto mdogo akipelekwa chooni na asiye mzazi wake, mtu wa pili awe karibu.

Halafu kuna fimbo. Wengi wetu tulisomeshwa kwa kikoto na hadi leo tunawaombea dua walimu wetu. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya adhabu ya kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpa mwanafunzi adhabu ya kumuumiza mwili au nafsi. Mzazi aliyekuja kusaidia hana ruhusa ya kumchapa mtoto wa mwenziwe, hata kwa kanda mkononi, hata mama yake mtoto akisema "mpige, nimekupa." Mtoto akivuruga darasa, mhamishe mahali, mpe kazi ya mikono, au umwambie mwalimu. Ukiona alama mwilini mwa mtoto, au akikuambia jambo linalokutia hofu, usimhoji kama askari. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, na mpelekee habari mkuu wa madrasa siku hiyo hiyo. Ikiwa anayetuhumiwa ni mkuu mwenyewe, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti au piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto inayopokewa saa 24.

Tatu, kaa na watoto wadurusi

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo wazazi wanayoikimbia zaidi kwa kudhani lazima uwe hafidhi. Huhitaji kuhifadhi. Unahitaji kuweza kufuata maandishi ya msahafu na kujua mpaka wa ujuzi wako.

Mpaka ni huu: somo jipya ni la mwalimu peke yake. Aya ambayo mtoto hajawahi kusomeshwa usimsomeshe wewe, kwa sababu akiipokea na kosa lako, mwalimu atatumia wiki kulitoa. Kazi yako ni kumdurusisha alichokwisha kusomeshwa. Mtoto wa juzuu Amma (sehemu ya mwisho ya Qur'ani, ambayo watoto huianza kwa sura ya mwisho wakirudi nyuma) aliyefika Sura ya Al-Fajr ana sura nyingi nyuma yake, kuanzia An-Naas, na hizo ndizo zinazompotea kwa kukosa wa kumsikiliza.

Keti naye chini, msahafu wenu ukiwa juu ya marufaa, na fuata kwa kidole au kijiti bila kusema neno. Akikwama, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kumsaidia. Mara nyingi atalikumbuka mwenyewe, na neno alilolikumbuka mwenyewe humkaa. Akishindwa, mtajie neno moja tu la mbele, usimsomee aya nzima. Akikosea na una hakika, mwambie arudi mwanzo wa aya. Ukiwa na shaka, acha apite, kisha andika kwenye karatasi sura na nambari ya aya umpe mwalimu. Msahafu wenyewe usiuchore.

Zipo herufi ambazo watoto wetu hujikwaa kwa kuwa Kiswahili hakina: ḥaa ya koo na khaa, ambazo zote hugeuka kuwa "h" yetu, 'ayn inayomezwa ikawa irabu tupu, qaaf inayolainika, swaad na twaa zinazosomwa nyepesi. Thaa na dhaal hazitusumbui, tunazo. Ukijua hivyo, sikio lako linajua pa kungoja. Lakini kumfundisha mtoto 'ayn inatoka wapi kooni, kama wewe mwenyewe hukusoma tajwidi (kanuni za kuisoma Qur'ani) kwa mtu, mwachie mwalimu. Mambo ya kuvuta madda (irabu ndefu) na kughunni (kutoa sauti puani) pia mwachie.

Kila mtoto awe na kijidaftari chake chenye tarehe, sura aliyodurusi, na alama moja kati ya tatu: imekaa, inayumba, arudie. Mwalimu akifungua kijidaftari anajua kwa mtazamo mmoja wapi atie nguvu. Ukiwa na watoto sita kwa saa moja, kila mmoja amepata dakika kumi. Linganisha na ile dakika moja tuliyoanza nayo.

Udhu uwe nao kabla ya kushika msahafu. Na kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata hapa, mama aliye hedhini hashiki msahafu wala hasomi, kwa hivyo siku hizo akae na rejista, au na wadogo wa michezo, au kwenye uji. Akina mama wapangane wenyewe ili zamu isibaki wazi, na asiulizwe mtu kwa nini amebadilisha.

Wale wadogo kabisa ambao bado wanajifunza kushika penseli wanataka mikono na macho kuliko sauti. Wachoree alifu mchangani waifuate kwa kidole, wapange herufi kwa kombe za ufukweni, wahesabu kwa vifuu na kokwa. Usione hilo kuwa mchezo wa kupoteza wakati. Miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan walipoanzisha mpango wa chekechea za madrasa Mombasa, vifaa vya namna hii vilivyotengenezwa kwa vitu vya mahali ndivyo vilivyotumika, na jamii zenyewe zikashika uendeshaji wa shule. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar na Uganda.

Rejista, na nani anamchukua mtoto

Mwalimu anayeita majina 40 hupoteza dakika nane au kumi. Mzazi anayesimama mlangoni na daftari, akatia alama kila anayeingia, anazirudisha dakika zote hizo. Daftari liwe na jina la mtoto, mtaa, jina la mzazi, simu mbili, ugonjwa alio nao kama pumu au kifafa, na jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua. Mtoto asipofika mara mbili mfululizo, mpigie mama yake jioni hiyo. Mtoto akiaga kwao kwenda chuoni na chuoni asifike, lazima mtu mzima ajue siku hiyo hiyo.

Magharibi huku inaingia upesi, na vichochoro vya Mkomani na Langoni hutia giza kabla ya ufuo. Watoto watoke makundi kwa mitaa, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, na mzazi mmoja asimame kwenye njia ambapo punda hupita na mizigo ya mawe na saruji. Punda mwenye shehena hawezi kumkwepa mtoto katika kichochoro cha hatua mbili.

Maji na uji

Maji ya visima vingi vya mji yana chumvi, na watoto wakiwa na kiu huenda kunywa popote. Wekeni ndoo yenye mfuniko na bomba, maji yakiwa yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kila mtoto aje na kikombe chake. Ndoo ya pili, na sabuni, iwe ya kunawa mikono, karibu na choo.

Kama kuna uji, asubuhi za Jumamosi ndipo wenye haja nao zaidi hupatikana, kwani wapo wanaokuja bila kunywa chai. Uwe mwepesi kupika. Ulizeni mapema kama kuna mtoto ambaye njugu au maziwa yanamdhuru, na jiko likae mbali na mlango wa darasa. Ramadhani uji hauna nafasi na saa za masomo hubadilika. Mwezi huo nguvu ya wazazi iende kwenye futari ya watoto siku moja au mbili, mbaazi za nazi na mahamri yatoke nyumbani kwa kila mtu, bila kumtoza mtu fedha.

Fedha zikipita mkononi mwako

Ukweli ni kwamba vyuo vingi havikuvunjwa na umaskini, vilivunjwa na maneno juu ya fedha ambazo pengine hata hazikuibiwa. Fedha ya madrasa ni amana, na amana huandikwa.

Usipokee mchango kwa simu yako binafsi. Madrasa iwe na nambari yake ya malipo au akaunti yenye watia saini wawili au watatu, wasiwe wa nyumba moja. Kila kinachoingia kiandikwe siku hiyo, kila kinachotoka kiwe na risiti, hata ya chaki. Mwisho wa mwezi bandikeni karatasi moja ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wanaotaka kusimama rasmi kama kikundi wanaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ambayo inataka watu wasiopungua kumi.

Tenganisheni aina za fedha, maana hukumu zake hazifanani. Sadaka ina wasaa: mikeka, chaki, paa, posho ya mwalimu. Zakati ina makundi manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na kwa rai ya wanazuoni wengi jengo si mojawapo, ila mtoto fukara asiye na sare wala nauli anaingia. Wakfu unafuata sharti la aliyeuweka: minazi iliyowekwa wakfu kwa maji ya msikiti haiwezi kununua madawati ya chuo kwa kuwa kamati imeona ni bora. Mtu akikupa fedha, muulize papo hapo: "Bwana, hii ni sadaka au zakati?" Kisha andika jibu lake.

Nami naomba jambo moja kwa kamati zote: posho ya mwalimu itangulie rangi ya ukuta. Mwalimu anayelazimika kuvua samaki hadi alasiri ili ale, atafika darasani amechoka, na zile dakika tunazomtafutia zitakuwa hazina mwenyewe.

Msimu wa Maulidi

Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, ukikaribia, vyuo vyote hubadilika. Watoto wanafanya mazoezi ya kasida na matwari, kanzu na kofia zinatafutwa, na wageni wanamiminika kwa ajili ya maulidi ya Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh. Hapa wazazi wa kujitolea hawapungui, hata huzidi, na kwa hiyo wapangwe.

Kila mzazi apewe watoto kumi wa kuwaangalia, awajue majina, na awahesabu wakati wa kutoka chuoni, wakati wa kufika na kabla ya kurudi. Wadogo waandikiwe simu ya mzazi kwenye kitambaa kilichobanwa ndani ya kanzu. Beba maji. Maandamano ya jua kali yanamwangusha mtoto aliyekauka koo kwa kasida tangu asubuhi.

Vyuo vinavyokuja kwa bahari, kutoka Pate, Siyu, Faza au Kizingitini, vina kazi nzito zaidi. Mwaka wa Kiislamu hupungua siku 10 au 11 kwa ule wa jua, na miaka hii Mfungo Sita unaangukia Agosti na Septemba, upepo wa kusi ukingali unavuma. Mzazi anayepanga safari azungumze na nahodha siku mbili kabla: boti inabeba watu wangapi kwa kibali, na je, kuna jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtoto, la kipimo cha mtoto? Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini. Mjue pia saa za maji, kwani baadhi ya njia za bahari hupitika vizuri maji yakijaa, na boti iliyokosa maji hulazimika kungoja au kuzunguka nje penye mawimbi. Nahodha akisema leo hakufai, watoto walale waliko. Maulidi yatasomwa mwaka ujao.

Picha

Kila mtu ana simu, na watoto wakiwa na kofia nyeupe wanapendeza. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ya Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Madrasa haina fedha hizo. Wekeni fomu ya ridhaa siku ya kuandikisha mtoto, na mzazi aliyekataa aheshimiwe bila kuulizwa sababu.

Mkitofautiana, na ukitaka kupumzika

Ukiona mwalimu anafanya jambo usilolikubali, na si jambo la kumdhuru mtoto, mwambie faraghani, mara moja, kwa adabu. Akishikilia lake, ni darasa lake. Usiyapeleke barazani wala kwenye kundi la WhatsApp, na mtoto wako asikusikie ukimsema mwalimu wake nyumbani, maana kesho hatakaa tena mbele yake kwa utulivu.

Muda wako ukiisha, toa taarifa wiki nne kabla. Kabidhi daftari, funguo, risiti na karatasi za makosa ulizokuwa ukimwandikia mwalimu. Anayekupokea akae nawe vipindi viwili akutazame. Kisha mchukue kila mtoto uliyekuwa ukimdurusisha, mpeleke kwa huyo mpya na kijidaftari chake, na mwambie mbele ya mtoto ni sura ipi imekaa na ni ipi bado inayumba.